Alexander Mackay

Alexander Murdoch Mackay (Rhynie, Uskoti, 13 Oktoba 1849 – Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, Februari 1890) alikuwa mhandisi, mchapaji na mmisionari Mprotestanti wa shirika la Church Missionary Society (kifupi: CMS) kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili: barabara aliyoifyeka mwaka 1877 kutoka Saadani pwani hadi Mpwapwa, katika mkoa wa Dodoma wa leo, na herufi za chapa alizozichonga na kuzimimina kwa mikono yake mwenyewe huko Buganda ili watu wapate kusoma lugha yao katika maandishi ya kuchapwa.

Hakuwa padri. Alikuwa fundi, na katika maeneo alikoishi alifahamika kwa jina la Mzungu wa Kazi.

Maisha ya awali

Mackay alizaliwa katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeenshire. Baba yake, aliyeitwa pia Alexander Mackay, alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti na mwandishi wa vitabu vya jiografia. Hadi umri wa miaka 14 mtoto alifundishwa nyumbani na baba yake, akajifunza kuchora ramani na kufuatilia habari za wapelelezi waliokuwa wakisafiri Afrika. Mama yake alifariki mwaka 1865. Miaka miwili baadaye familia ilihamia Edinburgh, na huko kijana alisoma kwanza katika chuo cha ualimu, kisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wakati huohuo alifanya kazi kwa mikono katika karakana ya mitambo huko Leith, bandari ya mji huo.

Mwezi Novemba 1873 alikwenda Ujerumani, akaajiriwa mjini Berlin kama mchoraji wa ramani za mitambo, baadaye akapanda cheo. Aliishi katika nyumba ya mhubiri wa ikulu. Muda wake wa ziada aliutumia kutafsiri kitabu cha hisabati kutoka Kijerumani na kubuni mashine ya kilimo iliyopata tuzo katika maonyesho ya Breslau.

Miaka hiyo ya Berlin ina uzito kuliko inavyodhaniwa mara nyingi. Kuchora mtambo kwenye karatasi kwa kipimo kamili, halafu kuona chuma kikifuata mchoro huo bila kupungua wala kuzidi, ndio ujuzi uleule aliouhitaji baadaye kuchonga herufi. Wamisionari wenzake wengi walikuwa wamesoma zaidi teolojia. Mkono wa namna hiyo hawakuwa nao.

Kuitwa Afrika

Mwezi Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Henry Morton Stanley, aliyekuwa amemtembelea Kabaka Mutesa I wa Buganda. Stanley aliomba wamisionari wapelekwe huko, na alitaka watu wa vitendo, wenye kuweza kujenga, kulima na kutibu. CMS ilipokea wito huo. Mackay, ambaye awali alikuwa amefikiria Madagaska, aliandika barua ya kujitolea mwezi Desemba mwaka huohuo na akakubaliwa mwanzoni mwa mwaka 1876.

Kundi la kwanza lilikuwa na watu 8, na Mackay alikuwa kijana kuliko karibu wote. Inasimuliwa kwamba katika mkutano wa kuagana aliwaonya viongozi wa shirika wategemee kusikia kabla ya miezi sita kwamba mmoja wao amekufa, na akawaomba wasikate tamaa habari hiyo itakapofika. Onyo lilitimia upesi: James Robertson alifariki Unguja mwezi Agosti 1876. Dk. John Smith alifariki Kageyi, kusini mwa ziwa, mwaka 1877. Desemba mwaka huo Luteni George Shergold Smith, kiongozi wa msafara, aliuawa pamoja na Thomas O'Neill katika kisiwa cha Ukerewe. Wengine wawili walirudishwa kwao kwa sababu ya ugonjwa.

Mackay aliwasili Unguja mwishoni mwa Mei 1876. Wamisionari walikuwa na mashua ya mvuke iitwayo Daisy, na kazi ya kwanza ilikuwa kuijaribu katika mito ya Wami na Kingani ili kuona kama mizigo ingeweza kupelekwa bara kwa maji. Mito hiyo ina kona nyingi na kina kidogo. Jaribio halikufaulu, hivyo misafara iliondoka kwa miguu, huku Daisy ikiwa imefunguliwa vipande vipande na kubebwa na wapagazi.

Mpwapwa na barabara ya mwaka 1877

Njia ya misafara kutoka Saadani na Bagamoyo kuelekea Unyanyembe na Ziwa Viktoria ilipita Mpwapwa. Mahali hapo palikuwa na umuhimu kwa sababu ya maji. Kijito kinashuka kutoka milimani, na mbele yake, upande wa magharibi, ilianza nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, yenye maji machache na ya chumvichumvi. Kila msafara ulipumzika Mpwapwa, ukajaza vibuyu, ukanunua chakula, kisha ukavuka nyika hiyo kuingia Ugogo. Huko watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa vitambaa, shanga na waya, kwa kila mgeni aliyepita na kutumia visima vyao. Wageni wa Ulaya walilalamika sana juu ya hongo. Hata hivyo, katika nchi ambayo kisima huchimbwa kwa taabu na hukauka kabla ya mvua, si ajabu kwamba mwenye kisima alidai malipo.

Mackay alifika Ugogo mwishoni mwa mwaka 1876 akaugua vibaya, akalazimika kurudishwa pwani. Wenzake waliendelea na safari. Alipopata nafuu alipewa kazi nyingine: kufungua barabara inayoweza kupitisha magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa maili 230 hivi, sawa na kilomita 370.

Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Mwaka 1876 Roger Price wa shirika la London Missionary Society, aliyewahi kufanya kazi kusini mwa Afrika ambako magari ya ng'ombe yalikuwa jambo la kawaida, alikuwa amewafikisha ng'ombe wachache Mpwapwa wakiwa hai. Kutokana na safari hiyo mashirika yote mawili yaliamini kwamba gharama kubwa ya wapagazi ingeweza kuepukwa.

Kazi ilifanyika mwaka 1877 na kikundi cha vibarua waliochukuliwa pwani, wakiwa na mashoka, sururu, majembe, mapanga na misumeno. Walifyeka vichaka vya miiba, wakachimba kingo za mito ili magurudumu yapite, wakaweka madaraja ya magogo penye mabonde. Mvua za masika zilijaza tope hadi kiunoni. Njia ilipanda katika vilima vya Nguru na Mamboya kabla ya kufika kwenye uwanda wa juu wa Mpwapwa. Safarini Mackay alikutana na misafara ya watumwa iliyokuwa ikishuka pwani, na mambo aliyoyaona yalimfanya kuwa mpinzani mkali wa biashara hiyo kwa maisha yake yote.

Barabara ilikamilika, lakini lengo lake halikutimia. Ng'ombe waliumwa na mbung'o wakafa mmoja baada ya mwingine, magari yakakwama matopeni, na nyasi za mvua iliyofuata zikaanza kuifunika njia. Wapagazi waliendelea kubeba mizigo kichwani kama zamani, ila sasa walipita penye nafasi pana zaidi. Mackay mwenyewe alifikia uamuzi kwamba dawa ya kweli ni reli, na aliandika mara nyingi kuitetea. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Dodoma mwaka 1910, miaka 20 baada ya kifo chake. Haikufuata njia yake, wala haikupita mjini Mpwapwa. Kituo cha karibu ni Gulwe.

Kituo cha misheni cha Mpwapwa kilidumu. CMS ilikiimarisha kuanzia mwaka 1878, na kutokana nacho kazi ya shirika hilo ilienea Ugogo, pamoja na Kongwa na Mvumi. Kanisa Anglikana la Dodoma lina mizizi yake huko.

Kuelekea Buganda

Habari ya mauaji ya Ukerewe ilimkuta Mackay njiani. Aliacha magari na mizigo mizito akaenda mbio hadi Kageyi, akafika katikati ya mwaka 1878. Alikuta bohari la hali ya kusikitisha: vifaa vya misheni vimelundikwa ovyo, vyuma vya injini vimeshika kutu, vitabu vimeliwa na mchwa. Vitu vilivyowezekana kutengenezeka alivitenga, akavisafisha na kuvikarabati. Kisha alikwenda Ukerewe bila silaha kuonana na mtemi Lukonge, ambaye watu wake ndio waliowaua wenzake, ili kufanya amani badala ya kisasi.

Mwezi Agosti yeye na mchungaji C. T. Wilson walivuka ziwa katika Daisy. Dhoruba iliwarusha pwani na mashua ikavunjika. Waliikata sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba matundu ya sehemu zilizobaki, na baada ya majuma kadhaa wakaendelea na mashua iliyokuwa fupi kuliko mwanzo. Mackay aliingia Buganda mnamo Novemba 1878.

Kabaka Mutesa alimpokea vizuri. Watu wa ikulu walivutiwa na tanuri lake la uhunzi, jiwe lake la kunolea na cherehani ya kukereza mbao na chuma. Mutesa alitumaini kupata bunduki na baruti. Mackay alitengeneza karibu kila kitu isipokuwa silaha, na jambo hilo lilichosha uvumilivu wa pande zote mbili. Mwaka 1882, mama wa Kabaka alipofariki, aliombwa kutengeneza jeneza. Lilikuwa la matabaka, la mbao na la shaba, na kubwa kiasi cha kujaza chumba. Lilichukua majuma ya kazi, na heshima aliyoipata kwa ajili yake pengine ilizidi ile aliyoipata kwa mahubiri yote ya mwaka huo.

Kuchonga herufi

Mackay alianza kufundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa wakuu wengi wa ikulu walikielewa kutokana na biashara ya pwani, na kwa kuwa sehemu za Biblia za Kiswahili zilizotafsiriwa na Askofu Edward Steere wa Unguja zilikuwepo. Baadhi ya watu, akiwemo Mutesa mwenyewe, walikuwa wamejifunza maandishi ya Kiarabu kutoka kwa Waislamu. Kiganda chenyewe kilikuwa bado hakijapata kitabu cha kuchapwa.

Ilikuwepo mashine ndogo ya kuchapia, lakini herufi hazikutosha. Kuagiza nyingine Ulaya kungechukua zaidi ya mwaka, na mizigo mingi haikufika. Mackay aliamua kuzitengeneza. Alianza na herufi kubwa za mbao, za kuchapia karatasi za alfabeti na silabi ambazo wanafunzi waliweza kuzisoma wakiwa wamekaa pamoja. Baadaye alimimina herufi ndogo za risasi.

Inafaa kueleza kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu siku hizi mtu huchagua umbo la herufi na rangi zake kwenye kompyuta kwa kubonyeza mara moja. Herufi ya chapa huchongwa kinyume, kama inavyoonekana katika kioo, ili alama yake kwenye karatasi isomeke sawasawa. Mchongaji hagusi sehemu itakayokuwa nyeusi. Anaondoa sehemu itakayobaki nyeupe: tundu la ndani ya herufi o, pengo la n, nafasi inayoizunguka l. Sehemu iliyoinuka hupokea wino, iliyoshuka huacha karatasi ilivyo. Hivyo kila herufi ni ya rangi mbili tangu mwanzo, wino na karatasi, na akikosea kidogo katika ile nyeupe, ile nyeusi haisomeki. Kuongeza rangi ya pili ya wino, kwa mfano nyekundu ndani au kando ya herufi nyeusi, huhitaji kibao cha pili kinacholingana na cha kwanza bila kupishana hata kidogo, na karatasi ipite mashineni mara mbili. Wachapaji wa Ulaya walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 15. Mackay alikuwa na wino mmoja na watu waliosubiri mlangoni.

Herufi za risasi zina ugumu mwingine. Zote lazima ziwe na kimo kimoja, la sivyo iliyo fupi haigusi karatasi na iliyo ndefu huitoboa. Lugha za Kibantu pia hutumia irabu nyingi, hasa a, kwa hiyo mchapaji wa Kiganda au Kiswahili huishiwa na herufi hiyo kabla ya nyingine zote. Baada ya ukurasa mmoja kuchapwa, herufi zilifunguliwa na kupangwa upya kwa ukurasa uliofuata.

Kwa njia hiyo zilitoka karatasi za kujifunzia kusoma, sala, na sehemu za Injili ya Mathayo kwa Kiganda, ambayo Mackay aliitafsiri akisaidiwa na vijana Waganda waliokuwa wanafunzi wake. Karatasi zilinunuliwa kwa kauri, na mara nyingi wanunuzi walikuwa wengi kuliko nakala. Wakristo wa Buganda wakaitwa wasomaji, kwa kuwa kusoma na kuamini vilikuja kwa mlango mmoja.

Dhuluma chini ya Mwanga

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga II akarithi kiti. Alikuwa kijana, na alikuwa na sababu za kuogopa: Wajerumani walikuwa wanajipatia maeneo upande wa pwani, na wasomaji katika ikulu yake walikuwa wanamtii bwana mwingine. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu waliohusiana na misheni ya Mackay, yaani Mark Kakumba, Joseph Lugalama na Noah Serwanga, waliuawa kwa moto. Mwezi Oktoba Askofu James Hannington aliuawa Busoga alipokuwa akija kwa njia ya mashariki. Tarehe 3 Juni 1886 lilifanyika lile tukio kubwa la Namugongo, ambapo Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja.

Katika miezi hiyo mashine haikusimama. Wasomaji walikuja usiku, wakachukua karatasi walizoweza kuzificha nguoni. Mackay alichapa pia barua fupi ya kuwafariji waliokuwa mafichoni, nayo ikapitishwa mkono kwa mkono. Karatasi iliyokutwa kwa mtu ingeweza kuwa ushahidi wa kumwua, na Mackay alilijua hilo alipokuwa akiichapa. Mwenzake Robert Ashe alipoondoka Agosti 1886, alibaki peke yake kwa karibu mwaka mzima. Mwanga hakumruhusu kuondoka, inasemekana kwa sababu fundi wa aina hiyo asingepatikana tena.

Uhusiano wake na wamisionari Wakatoliki, waliofika mwaka 1879, akiwemo padri Siméon Lourdel, ulikuwa mbaya. Walibishana mbele ya Kabaka na wakuu wake, na mgawanyiko huo ulizaa vyama vilivyopigana baadaye. Sehemu ya lawama ni ya Mackay, aliyekuwa na maneno makali na hakukubali kushindwa katika hoja. Wanahistoria pia humhesabu kati ya waliofungua njia kwa utawala wa Uingereza, kwa kuwa aliuomba uingilie kati biashara ya watumwa na usalama wa misheni.

Usambiro na kifo

Mwezi Julai 1887 Mackay alifukuzwa Buganda. Alifunga nyumba ya misheni, akapanda mashua Eleanor na kuanzisha kituo Usambiro, kusini mwa ziwa. Kifo kilimfuata huko pia: Machi 1888 Askofu Henry Parker alifia kituoni. Mwanga alipopinduliwa mwaka huohuo na Waislamu wakashika madaraka, vituo vya misheni vya Buganda viliporwa na wakimbizi Wakristo wakafika Usambiro. Hata Mwanga mwenyewe, akiwa uhamishoni, alimwandikia Mackay kumwomba msaada.

Agosti na Septemba 1889 Stanley alipumzika Usambiro kwa siku kadhaa pamoja na Emin Pasha, wakielekea pwani kwa njia ya Mpwapwa. Alimkuta Mackay katikati ya kazi nyingi: anajenga mashua, anatengeneza injini, anatafsiri Injili ya Yohane na kuendelea na herufi zake. Stanley alimsifu baadaye kuwa mmisionari bora tangu David Livingstone. Alimwomba waondoke pamoja, Mackay alikataa. Hakuwa ameiona Ulaya tangu mwaka 1876.

Mwanzoni mwa Februari 1890 alishikwa na malaria, akafariki baada ya siku chache akiwa na umri wa miaka 40.

Baada ya kifo

Dada yake aliandika wasifu wake uliotoka London mwaka huohuo wa 1890 na kusomwa sana. George Pilkington, aliyefika Buganda mwishoni mwa mwaka huo, aliendeleza tafsiri, na Biblia nzima ya Kiganda ikakamilika mwaka 1896. Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yalihamishwa kutoka Usambiro hadi Namirembe, Kampala, penye kanisa kuu la Waanglikana. Shule ya Mackay huko Nateete, karibu na mahali ilipokuwa karakana yake, ina jina lake.